Aliyevuka Bahari Kuulizia Dakhalia

Alifika dirishani kwetu saa tatu za asubuhi, mkononi ana mkoba mmoja na bahasha ya kaki. Usiku kucha alikuwa baharini. Alipanda meli Mkoani, Pemba, akateremka bandarini Malindi, hapa Unguja, kumekucha, akauliza njia, akapanda daladala mpaka chuoni. Nilipomuuliza shida yake akasema: "Maalim, nimekuja kuulizia dakhalia. Inaombwa vipi, na vitu gani nichukue?"

Jibu la swali lile la malazi ya wanafunzi lilikuwa kwenye tovuti ya chuo kwa wiki mbili. Mimi ndiye niliyeliweka.

Nikamwambia, "Mwanangu, mbona hukuangalia kwenye tovuti?" Akatoa simu yake, kioo kimepasuka pembeni, akanifungulia. Alikuwa ameshaiangalia jana yake, na juzi yake, na wiki iliyotangulia. Akanionyesha kwa kidole: hapa habari za chuo, hapa ofisi ya Mkuu wa Chuo, hapa picha za mahafali. "Dakhalia sijaiona, maalim."

Nikaichukua simu nimtafutie. Nikafungua menyu, nikaingia Utawala, nikaingia ofisi ya Naibu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia mipango, fedha na utawala, nikashuka mpaka Idara ya Huduma za Wanafunzi, nikaingia Matangazo, nikafungua faili la PDF ambalo jina lake lilikuwa namba ya kumbukumbu ya barua. Faili likachelewa kushuka. Liliposhuka, likawa picha ya barua iliyopigwa skani, maandishi madogo kiasi cha kulazimu kuikuza kwa vidole viwili na kuisoma kipande kipande. Na aliyekuwa akiongoza njia hiyo yote ni mimi niliyeijenga.

Nauli ya meli, nauli ya daladala, chakula cha njiani, usiku mmoja wa bahari. Gharama hiyo aliilipa mtoto wa watu kwa sababu ya namna nilivyoipanga menyu. Nilimwandikia majibu yake kwenye karatasi, akashukuru sana, na shukrani zake ndizo zilizoniumiza zaidi.

Nafanya kazi kitengo cha TEHAMA katika chuo kimoja cha Unguja chenye tawi Pemba. Tovuti ile niliijenga kwa kufuata muundo wa uongozi niliokabidhiwa kwenye karatasi: masanduku na mistari, Mkuu wa Chuo juu, manaibu chini yake, idara chini yao. Kwenye vikao vya kuipitisha, kila mkuu wa idara aliuliza idara yake imekaa wapi, na kila mmoja nikamwonyesha sanduku lake, akaridhika. Kazi ikapitishwa. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye shida ya malazi alitakiwa ajue kwanza kwamba malazi ni jambo la mipango, fedha na utawala. Hakuna mtoto aliyetoka kidato cha sita anayelijua hilo, na hana sababu ya kulijua.

Nilianza upya kwa kuomba ruhusa ya kukaa dirishani mwezi mzima, pembeni ya dada anayepokea wanafunzi. Nilikuwa na daftari na sharti moja: swali liandikwe kwa maneno ya aliyeuliza, si kwa maneno yangu. "Ada nalipia wapi?" "Bumu limeingia?" "Nina sapu mbili, nafanya lini?" "N'nataka barua ya fildi." "Somo langu moja halionekani kwenye matokeo." "Kitambulisho changu tayari?" "Hii karatasi ya mkopo lazima sheha aipige muhuri?" Daftari lilipojaa niliona kwamba maswali yalikuwa mengi kwa idadi lakini machache kwa aina, na yalikuwa na majira yake, kama matunda. Mwezi wa ada na kuripoti hakuna anayeuliza sapu. Mwezi wa matokeo hakuna anayeuliza dakhalia. Ukurasa wetu wa mbele ulikuwa na picha zilezile mwaka mzima.

Na yule dada. Siku ya tatu nilitambua kwamba anajua kila kitu: ofisi gani ina ufunguo wa chumba kipi, malipo huchukua siku ngapi kuonekana, nani yuko likizo, fomu ipi imebadilika. Mwanafunzi akiuliza nusu swali, yeye hujibu swali zima. Akiulizwa ada, humwambia na tarehe ya mwisho bila kuulizwa, kwa kuwa anajua swali linalofuata. Sehemu kubwa ya maandishi yaliyomo leo kwenye tovuti yetu nimeyaokota mdomoni mwake, karibu neno kwa neno.

Baada ya daftari nilikata kadi za karatasi ya manila, kila kadi nikaandika jambo moja, nikaziweka barazani mbele ya wanafunzi wakati wa mapumziko. Niliwaomba wazipange makundi wanavyoona zinaendana, halafu wayape makundi majina. Watu wa kazi hii huitumia njia hiyo siku nyingi, na sikuwahi kuiona thamani yake mpaka nilipoona kadi zangu zinahamishwa. Ofisini, mkopo ni wa bodi ya mikopo, ada ni ya mhasibu, malazi ni ya mlezi wa wanafunzi. Kwa wanafunzi, vitatu hivyo vilikaa kundi moja, na jina walilolipa ni "Pesa". Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja, na lilikuwa wazi: mkopo usipoingia ada hailipwi, ada isipolipwa chumba hakipatikani.

Majina nayo yana habari yake. Mimi nilikuwa nimeandika "Malazi". Wanafunzi wa hapa hawatafuti malazi, wanatafuta dakhalia, neno walilolizoea tangu skuli. Wale waliotoka Bara wanatafuta hosteli. Na hata dakhalia yenyewe wengine huiandika bila k, dahalia, kama tulivyo na Khamis na Hamis. Nikaijaribu sehemu ya kutafutia ya tovuti yangu: ukiandika "hosteli" inakwambia hakuna kilichopatikana, ukiandika "dakhalia" hakuna kilichopatikana, ukiandika "bumu" hakuna. Siwezi kuandika "Bumu" kama kichwa cha ukurasa wa chuo, wala sidhani inapendeza. Kichwa kimebaki "Mkopo na fedha za kujikimu". Lakini mtu akiandika bumu, afikishwe pale. Akiandika sapu, afikishwe kwenye mitihani ya marudio. Tulikaa siku mbili kuandika orodha ya maneno hayo, na naamini hakuna siku mbili nyingine katika mradi mzima zilizozaa faida kuliko hizo.

Kabla ya kugusa kompyuta nilichora kurasa kwa kalamu kwenye vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa simu. Mwanafunzi anaweka kidole kwenye kitufe kilichochorwa, nami namwekea karatasi inayofuata. Kosa la kwenye karatasi hurekebishwa kwa raba, na mtu huwa mwepesi kulisema kwa kuwa anaona bado ni mchoro. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kitufe cha "Huduma kwa Wanafunzi", nilichokitegemea sana, hakiguswi. Walidhani ni habari za kantini na zahanati.

Ndipo nikajenga, nikajaribisha, na hapo nikakosea kosa ninalotaka kulieleza kwa urefu, kwa sababu nimeona wenzangu wengi wanalifanya.

Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribisha tovuti kwa watu 5 tu kunatosha kuibua karibu asilimia 85 ya matatizo yake. Hesabu hiyo inatokana na kazi aliyoichapisha pamoja na Thomas Landauer mwaka 1993: kwa wastani wa miradi waliyoichunguza, mtu mmoja huibua asilimia 31 ya matatizo, wa pili hurudia mengi ya yule wa kwanza na kuongeza machache, na kadiri unavyozidi kuongeza watu ndivyo unavyozidi kuona yaleyale. Afadhali basi ujaribishe kwa 5, urekebishe, kisha ujaribishe tena kwa 5 wengine, kuliko kukusanya 15 mara moja. Mimi niliishika ile tano nikaiacha sehemu iliyobaki. Yeye mwenyewe anasema kwamba watumiaji wakiwa wa namna tofauti, chukua wachache kutoka kila namna. Nikachukua watano kutoka darasa la stashahada ya kompyuta. Wote wa mjini, wote simu zao nzuri, wote wameizoea intaneti tangu utoto. Wakamaliza kazi zote nilizowapa kabla chai haijapoa. Nikaandika ripoti kwamba tovuti iko tayari, na wakubwa wakafurahi.

Mwezi uliofuata nikaenda Pemba.

Kwenye tawi letu nilipewa chumba kimoja chenye meza na benchi. Wa kwanza kuingia alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza kutoka upande wa Micheweni. Nikamkaribisha, nikamweleza kwamba tunaipima tovuti, hatumpimi yeye. Nikamwomba aniambie kwa sauti kila anachokifikiria wakati anatumia. Nikampa kazi: "Umepata barua ya kujiunga na chuo. Tafuta namna ya kulipa ada."

Akashika simu. Akanyamaza. Niliona kidole chake kinakwenda juu ya kioo, kinasita, kinarudi. Akafungua ukurasa, akarudi nyuma. Akaufungua uleule. Akarudi. Nikamuuliza, "Kuna tatizo, mwanangu?" Akasema, "Hapana, maalim. Nzuri tu." Dakika zikapita. Hakufika kwenye malipo. Nilipomuuliza mwishoni anaionaje tovuti, akasema ni nzuri sana, na Mungu atujaalie.

Akaja wa pili, ikawa vilevile. Wa tatu, vilevile.

Jioni nilikaa na daftari langu nikaona kwamba nimeandika mambo mawili yasiyopatana: mdomo unasema nzuri, kidole kinasema nimepotea. Na watoto wale hawakuwa wakinidanganya. Wamelelewa hivyo. Mwalimu amevuka bahari kuja kwao, amewakalisha kitini, amewaonyesha kazi ya mikono yake. Utamwambiaje mbele ya uso wake kwamba kazi yake mbaya? Ile njia ya kumtaka mtu aseme mawazo yake kwa sauti inamtaka mwanafunzi wetu avunje adabu aliyofunzwa nyumbani na kwenye chuo cha Kurani kwa maalim. Nilikuwa nimeichukua njia kama ilivyo, nikaileta mahali ambapo mdogo hamkosoi mkubwa, kisha nikashangaa kwamba watu hawasemi.

Usiku ule nilikumbuka jambo nililolisoma zamani. Naomi Miyake, mtafiti wa Japani, alichapisha mwaka 1986 utafiti ambao ndani yake aliwakalisha watu wawili wawili wakijaribu kuelewa cherehani inavyofunga mshono. Hakuwaomba wamweleze yeye. Waliulizana na kujibizana wenyewe, na kwenye mazungumzo yao ndipo alipoona pale kila mmoja alipoelewa na pale asipoelewa. Asubuhi nikabadilisha utaratibu. Niliomba waje wawili wawili, marafiki, simu moja baina yao. Nikamwomba mwanafunzi wa mwaka wa tatu ndiye awape kazi, nami nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango, na hakuna aliyeambiwa nani aliyeijenga tovuti.

Chumba kikabadilika.

"Shoga, hapa tena tumeingia wapi?"

"Rudi. Bonyeza pale juu pale, penye vimistari."

"Nshabonyeza! Hakufunguki kitu."

"Bonyeza tena."

"Aa, pamekufa hapa."

Palikuwa pamekufa kweli. Wao walitumia Opera Mini, kivinjari ambacho wanafunzi wetu wengi hukipenda kwa sababu hubana kurasa kwenye seva zake kabla ya kuzituma, na bando likadumu. Kwa kubana huko, ukurasa hufika kama kitu kilichokwishapikwa. Sehemu za programu zinazotegemea kufanya kazi ndani ya simu yenyewe mara nyingi hazifanyi kazi inavyotarajiwa. Menyu yangu ya vimistari vitatu ilitegemea hizo. Kwenye simu yangu ilifunguka kwa madaha. Kwenye simu zao tovuti nzima ilikuwa nyumba isiyo mlango. Yule msichana wa kwanza, wa Micheweni, alikuwa akigonga ukuta kwa adabu muda wote ule, na mimi nimekaa hatua moja kutoka kwake.

Nikaiondoa menyu ile. Sasa mambo makubwa yameandikwa waziwazi mwanzo wa ukurasa, kama viungo vya kawaida vinavyofunguka kwenye kivinjari chochote, na yanapangwa kwa majira: mwezi wa kuripoti, ada na dakhalia ziko juu. Picha za mahafali zimehamia ukurasa wao. Zilikuwa nzito mno, na mwanafunzi alikuwa anazilipia kwa bando lake kabla hajafika kwenye swali lake.

Nikaendelea kukaa mlangoni kusikiliza. Wavulana wawili walifika kwenye fomu ya kujisajili, wakakwama penye majina.

"Jina la kwanza, langu. Jina la ukoo ndo lipi? La baba au la babu?"

"Weka la babu."

"Basi la baba naliweka wapi?"

Swali la haki. Fomu ile ilikuja na programu tuliyoichukua tayari, na aliyeitunga alitoka kwenye jamii ambayo mtu ana jina lake na jina la ukoo, basi. Sisi mtu ni jina lake, la baba yake na la babu yake, na cheti chake cha kuzaliwa kinasema hivyo, na cheti cha mtihani kinasema hivyo. Wengi hawatumii jina la ukoo kabisa. Kwa fomu ile, mmoja aliacha la baba, mwingine aliacha la babu, mwingine aliyabana mawili kwenye nafasi moja. Halafu mhasibu anatafuta jina kama lilivyo benki na halipati, mwanafunzi anaambiwa hajalipa. Misafara mingi ya dirishani niliyoiandika kwenye daftari la mwanzo chanzo chake kilikuwa visanduku viwili vilivyotakiwa kuwa vitatu. Leo vipo vitatu, na juu yake pameandikwa: "Andika kama yalivyo kwenye cheti chako cha kidato cha nne."

Namba ya mtihani ilikuwa hivyohivyo. Mmoja anaweka nukta baada ya herufi ya S, mwingine haweki, mwingine anaacha alama ya mkwaju (/). Fomu ilikuwa ikiwajibu kwa maandishi mekundu kwamba wamekosea. Hawakukosea, kila mmoja aliandika namba yake sahihi. Kuondoa nukta na nafasi ni kazi ya mashine, na inachukua mistari michache tu ya programu. Namba za simu nazo, ziwe zimeanza na sifuri au na 255, zipokewe zote.

Jambo la malipo niliona kwa macho tu, hakuna aliyelisema. Mwanafunzi akishapata namba ya kumbukumbu ya malipo kwenye tovuti, inabidi atoke aende kwenye menyu ya kulipia kwa simu, na simu ni ileile. Menyu ikifunguka, namba haionekani tena. Msichana mmoja aliitazama namba, akafumba macho, akaisoma moyoni, akaingia kwenye menyu, akaandika nusu, akasahau, akarudi. Mara ya pili akamwomba mwenzake kalamu, akaiandika kiganjani. Wala hakuona kuwa ni tatizo. Ndivyo maisha yalivyo. Mimi moyo uliniuma kuona kiganja kile. Sasa namba inatumwa pia kwa ujumbe wa simu, kwenye ukurasa inaonyeshwa makundi makundi ili isomeke, na kuna kitufe cha kuinakili, ambacho huinakili bila zile nafasi za katikati.

Siku ile umeme ulikatika mara mbili. Simu zina betri, lakini kifaa cha kutoa intaneti chumbani kilizimika, na waliokuwa katikati ya fomu ndefu wakapoteza kila kitu. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Fomu ile ilikatwa vipande vinne, na kila kipande kikikamilika kinahifadhiwa hapohapo.

Kisha nikawaomba watoke nje. Wanafunzi wetu hawaisomi tovuti chumbani kama nilivyoisoma mimi. Wanaisoma kituo cha daladala, barazani, chini ya mwembe, jua la mchana limewaka. Nje, maelezo yote niliyoyaandika kwa kijivu chepesi juu ya nyeupe, nilichokichagua kwa kuwa kinapendeza, yalipotea. Kulibaki vichwa vya habari na weupe. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nilipokipima kijivu changu hakikufika hata 3. Nilikuwa naujua mwongozo huo. Nilikuwa nauchukulia kwamba ni wa watu wenye uoni hafifu peke yao. Kumbe jua la saa saba linamfanya kila mtu awe na uoni hafifu.

Na wasioona kabisa wapo. Tuna mwanafunzi mmoja ambaye hutumia simu kwa kusikiliza, kwa programu ya TalkBack inayosoma kilichopo kwenye kioo. Alinipa saa nzima ya wakati wake, na aliongoza kikao kuliko mimi. Cha kwanza, ukurasa wetu wa Kiswahili ulisomwa kwa matamshi ya Kiingereza, haueleweki hata neno, kwa sababu ndani ya msimbo, mstari wa juu kabisa, palitajwa kwamba lugha ya ukurasa ni Kiingereza. Palikuja hivyo na kiolezo, na hakuna aliyepagusa. Kubadilisha ni herufi mbili tu. Cha pili, vitufe vyetu vilivyokuwa na alama bila maandishi vilisomwa "kitufe", "kitufe", "kitufe", na hakuna zaidi. Cha tatu, tulifungua tangazo la dakhalia, lile faili la skani. Simu ikataja jina la faili, namba juu ya namba, ikanyamaza. Tukasubiri. Akaniambia, "Maalim, hapa mimi huwa naishia."

Tatizo la skani halikuwa langu kulimaliza peke yangu, kwani barua hutoka masjala, na masjala kuna mzee wetu ambaye ameitunza kwa uaminifu tangu mimi sijaajiriwa. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikamweleza kwamba naomba matangazo niletewe maandishi yake, si picha ya barua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Barua isiyo muhuri si barua. Leo mtu ataandika uongo wake huko, aupeleke kwenye makundi ya WhatsApp, aseme chuo kinataka mlipe namba fulani. Mtoto atajuaje?"

Alikuwa na haki, na mimi sikuwa nimelifikiria. Kila msimu wa kujiunga wanafunzi huletewa matangazo ya kughushi, na muhuri ule ndio kitu pekee walichofundishwa kukitafuta. Sikubishana naye. Nilimwomba tu anisikilizie simu kidogo. Nikaifungulia TalkBack ile barua yake yenye muhuri, nikaiweka mezani. Ikasoma jina la faili, ikanyamaza. Akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Basi?"

"Basi, mzee. Asiyeona anapata hayo tu."

Alikaa kimya muda. Tukakubaliana hivi: maandishi kamili ya tangazo yawe kwenye ukurasa wenyewe, na barua yenye muhuri iwe chini yake kwa anayetaka kuhakikisha. Jina la faili liwe maneno, sio namba ya kumbukumbu. Tangu siku hiyo hajaniletea barua bila maandishi yake, na mara nyingine hunipigia kuuliza: "Hili watalitafuta kwa jina gani?"

Niseme kidogo kuhusu dodoso. Kuna lile la John Brooke la mwaka 1986, la kupima urahisi wa kutumia mfumo, sentensi 10 ambazo mtumiaji hukubali au kukataa, kisha unapata alama kati ya 0 na 100, na wastani unaotajwa mara nyingi ni 68. Nililitafsiri, nikaligawa. Sentensi zake moja husifu na inayofuata hulaumu, kwa kupokezana. Wengi wetu walikubali zote, za kusifu na za kulaumu, kwa kuwa kukubali ndiyo heshima. Alama iliyotoka haikuniambia kitu, na wakubwa walipoiomba niliwaeleza sababu ya kutoiandika kwenye ripoti. Niliwapa badala yake orodha fupi: nani alifika kwenye malipo bila kusaidiwa, na nani hakufika, na alikwama wapi.

Foleni ya dirishani ipo bado, na nafikiri itakuwepo. Wapo wanaokuja kwa sababu shida yao haina jibu la kuandikwa: baba amefariki katikati ya muhula, mume hataki asome, mkopo umekatwa bila maelezo. Dada yule sasa ana nafasi ya kuwasikiliza hao. Zamani alikuwa akiwapitisha haraka kwa sababu nyuma yao walisimama wengi wenye kuuliza tarehe ya mwisho ya ada.

Wiki hii niko Pemba tena. Safari hii nimeleta ukurasa wa kuomba transkripti, ambao kwa Unguja umefanya vizuri, na nimejifunza kutoliamini hilo. Wanaoomba transkripti wengi walimaliza zamani. Wana kazi, wana watoto, namba ya usajili wameshaisahau, na fomu yangu inaanza kwa kuiuliza. Nimewaalika sita, wawili wawili, wa kwanza saa mbili asubuhi. Benchi nimeshaliweka karibu na mlango.